Wagonjwa Ishirini na Wawili na Wenzangu Sitini

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na mimi nimeanza daftari. Dada ndiye kanipa. Kurasa za mbele zimejaa vipimo vya wateja wake wa zamani, viuno na mabega ya watu ambao wengine wameshanenepa na wengine wameshakufa. Za nyuma ni tupu. Kasema, "Mdomo wako haujui kupumzika. Hebu andika, majirani nao wapumzike."

Basi tuanze kwa sifa, maana nisipojisifu mimi nani atanisifu? Shule niliachia darasa la sita, si kwa ujinga, kwa haraka. Lakini muulize yeyote mjini hapa, mimi ni bingwa. Kazi yangu ni kuwa watu. Una shughuli na viti havijajaa? Unamwita Kofia. Kofia ananiita mimi na wenzangu, tunakuja, tunakuwa watu. Tamthilia, maandamano, maonyesho ya maua, uzinduzi wa bomba la maji, hatuchagui. Yeye husimama pembeni: akivua kofia, tunapiga makofi, akiivaa, tunanyamaza, akiigeuza kisogoni, tunatawanyika kama kuku waliomwona mwewe. Ni miaka kumi na moja sasa. Wenzangu wananiita Machozi, kwa sababu nina uwezo wa kulia kwa jicho moja tu, lile la upande wa kamera. Nimelia mbele ya mabalozi. Balozi mmoja alinipa leso yake, ninayo mpaka leo.

Dada ndiye aliyenilea, mama alipotutoka mimi nikiwa na miaka minne. Ni fundi cherehani. Figo zake zimemgomea, mwaka wa tatu huu. Kila Jumatatu na Alhamisi anakwenda hospitali ya hapa mtaani, anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, saa nne nzima. Kwa miguu yangu ni dakika tano, kwa yake ni robo saa na kituo cha kupumzika. Asipokwenda, maji yanampanda mwilini, kutoka miguuni hadi kifuani. Hakuna dawa ya kienyeji wala ya kizungu inayoziba hapo. Ni mashine au basi.

Ijumaa, 7 Machi

Tamthilia, usiku wa kwanza. Nimemchukua Dada, maana viti tulikuwa tumepewa vingi kuliko makalio. Ni habari ya jaji mmoja aliyemhukumu mwanawe. Sehemu ya pili mtoto anakufa, na hapo ndipo zamu yangu. Nimelia, jamani! Mama wa mbele yangu kageuka kunipa pole.

Tukiwa njiani Dada kaniambia, "Umelia kabla hajafa."

"Dada, hiyo inaitwa kuandaa hadhira."

"Kijana wa watu bado anaongea na wewe umeshamzika."

Lakini kubwa lao kafanya yeye. Katikati ya ukimya, jaji kasimama anatafakari, hata kikohozi hakuna, Dada akapiga makofi. Peke yake! Na wenzangu walivyozoea, mmoja akianza wote hufuata. Ukumbi ukalipuka. Jaji alibabaika mpaka akasahau maneno. Kofia kavaa kofia, kavua, kavaa, mtu ungedhani anafukuza nyuki. Nimemuuliza Dada kilichompata ni nini.

"Umeliona joho lake lilivyoungwa begani? Hakuna mkunjo hata mmoja. Aliyeshona lile hakuna anayempigia makofi."

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Dada mashineni. Mimi nimelala.

Jumamosi, 15 Machi

Maandamano ya kuunga mkono barabara mpya. Tumegawiwa makoti ya mvua ya njano, mapya kabisa. Sauti yangu ndiyo iliyosikika mpaka posta.

Jumamosi, 22 Machi

Maandamano ya kupinga barabara mpya. Makoti yale yale, fito zile zile za mabango, karatasi tu ndizo zilizobadilishwa.

Dada kaniuliza, "Kwani wewe mwenyewe unaitaka hiyo barabara au huitaki?"

"Dada, mimi natembea kwa miguu."

Kacheka mpaka akashika ubavu. Halafu kaacha kucheka ghafla, kanitazama kama anayetafuta uzi ulioangukia sakafuni. "Siku moja utataka kitu, mdogo wangu," kasema. "Sijui utakitakaje."

Jumatatu, 24 Machi

Kumebandikwa tangazo mlangoni pa wodi. Mwisho wa mwezi wa nne mashine zote zinahamishiwa hospitali kuu, upande wa pili wa jiji. Kwenda huko ni mabasi mawili na saa tatu barabara ikiwa haijafurika. Na si hilo tu. Muuguzi kamnong'oneza Dada kwamba huko nako kumejaa, wagonjwa wetu wataingia kwenye orodha ya kusubiri.

"Kusubiri mpaka lini?" nimemuuliza.

"Mpaka nafasi ipatikane, kaka."

Sikumuuliza inapatikanaje. Nilidhani wanaongeza viti.

Wagonjwa ni ishirini na wawili. Miongoni mwao yuko mwalimu mstaafu ambaye kila mtu humwita Mwalimu, hata madaktari. Mzee mwembamba, sauti ndogo, lakini ukiisikia unanyoosha mgongo. Kasema wataandika barua kwa mkurugenzi wa afya wa jiji, na wasipojibiwa wataenda kukaa mlangoni kwake.

Jumapili, 6 Aprili

Maonyesho ya maua. Kampuni moja imetukodi tupange foleni mbele ya mawaridi yake, ili watu wa kweli wakiona foleni nao waingie. Watu ni hivyo, hawapendi maua, wanapenda foleni.

Nimemleta Dada kwa kiti cha magurudumu cha kuazima, maana siku za katikati miguu inamvimba. Haruhusiwi kunywa zaidi ya vikombe viwili vya maji kwa siku. Mtunza bustani alikuwa akimwagilia miche, anamimina tu, maji yanatiririka mpaka njiani. Dada kayatazama yale maji kama mtu anayemtazama mchumba wa zamani. Kisha kasema, "Huyu akiendelea hivi atayazamisha," na kaniambia nimsogeze.

Kwenye mawaridi ya kampuni yetu kainama, kachokonoa udongo kwa kidole. "Haya hayana mizizi."

"Dada!"

"Yamekatwa yakachomekwa. Yamepigwa bandi tu, kama nguo inayosubiri kushonwa. Kesho kutwa yote yameinama."

Nimemwomba kwa jina la marehemu mama anyamaze. Kanyamaza. Mpiga picha wa gazeti kanikuta nanusa waridi, macho nimeyafumba, raha mustarehe. Mawaridi yamepata zawadi ya kwanza.

Jumatatu, 14 Aprili

Barua haijajibiwa. Mwalimu kasema tutakwenda keshokutwa, Jumatano. Hii ni siku ngumu kwao, iko katikati ya mashine mbili, wote wanakuwa wazito, lakini mkurugenzi yupo ofisini siku hiyo tu. Kasema wakae tu mlangoni, ishirini na wawili, na ndugu mmoja kwa kila mgonjwa.

Nilishindwa kuvumilia. "Mwalimu, shikamoo yako ipo pale pale, lakini hayo si maandamano, hiyo ni foleni ya mafuta ya taa. Niachie mimi. Hii ndiyo kazi yangu."

"Sitaki watu wa kukodi."

"Nani kasema kukodi? Nitawaomba."

Dada akiwa pale pale kwenye kiti kasema, "Mwalimu, ana moyo huyu. Akili ndiyo inachelewa kufika." Wote wamecheka. Mimi nimechukua kicheko kuwa ruhusa.

Jumanne, 15 Aprili

Nimezunguka mtaa kwa mtaa kwenye mvua. Sitini wamekubali. Sitini, bure! Mama mmoja wa kwetu, tunamwita Kengele kwa sauti yake, kasema, "Machozi, kwa dada yako ningekuja hata bila viatu." Kofia hataki kujihusisha, lakini hajatukataza. Leo nimejiona mtu mkubwa. Sijawahi kujua kwamba wananipenda.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika yote, hata yale yanayoniuma.

Tulifika saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa ya mawe. Wagonjwa walikuja mmojammoja, wengine wameshikwa makwapa, nyuso zimevimba, na mvua ikiwapiga. Mimi ndiye kamanda. Kuna baraza la duka lililofungwa, ng'ambo ya lango la ofisi, lina paa zuri. Nikasema, wagonjwa wote chini ya paa. Nikawapangia viti, nikamfunika Dada miguu. Mwalimu kaniambia, "Tukikaa huku hatuonekani." Nikamjibu, "Mwalimu, mkilowa mtapata homa ya mapafu. Kuonekana ni kazi yetu."

Wenzangu nikawapanga kitaalamu. Warefu nyuma, wanaolia vizuri mbele, mimi katikati. Wamekuja na makoti yao ya njano, maana ndiyo makoti waliyonayo. Lango lote likawa njano. Nikasema moyoni, mkurugenzi akichungulia dirishani atadhani jua limechomoza.

Tumeimba. Tumelia. Na naapa kwa kaburi la mama, safari hii nililia macho yote mawili. Nililia mpaka nikapaliwa. Niliona miguu ya Dada ilivyokuwa asubuhi, nilipoikandamiza kidole na shimo likabaki, nikalia kama mtoto. Waandishi wamekuja, kamera tatu. Mmoja kamsogezea Kengele kinasa sauti: "Mama, mnadai nini?"

Kengele alimtafuta Kofia kwa macho, kulia, kushoto. Kofia hayupo. Miaka minane hajawahi kujibu bila kofia. Akaogopa, akapaza sauti ile ile ya siku zote: "Barabara hatuitaki!"

Na wenzangu, mmoja akianza wote hufuata.

Nimejaribu kuwanyamazisha. Nimepiga mikono hewani, na walipoona napunga wakadhani naongeza moto. Ng'ambo pale chini ya paa niliwaona wagonjwa ishirini na wawili wamekaa kimya wanatutazama, kama watu waliokuja kuangalia tamthilia. Hakuna kamera hata moja iliyogeuka upande wao. Kwa nini igeuke? Wao hawakuwa wakilia.

Alhamisi, 17 Aprili

Dada mashineni. Kaniambia nisimsindikize, atakwenda na jirani.

Jumamosi, 19 Aprili

Gazeti. Ukurasa wa kwanza, picha nne kwa safu, na zote ni mimi. Nalia kwenye tamthilia. Nataka barabara. Sitaki barabara. Nanusa waridi. Chini yake moja kubwa, nalia langoni kwa mkurugenzi, kamasi zinaonekana. Wameandika: MACHOZI YA KUKODI. Mkurugenzi kanukuliwa akisema wagonjwa halisi wameridhika na mpango huo, hakumwona hata mgonjwa mmoja langoni, na kikao na wagonjwa alichokuwa akikifikiria kimefutwa.

Kweli, hakumwona hata mmoja. Niliwaficha mimi.

Mwalimu kaja jioni. Nilitamani anitukane, nina majibu ya kila tusi. Kakaa kwenye kiti cha cherehani, kakunja mwavuli, kasema kwa sauti ile yake ndogo, "Tulikuwa ishirini na wawili, kijana wangu. Tulitosha."

Nikasema, "Mwalimu, nilitaka tuwe wengi."

"Najua." Akaaga. Mlangoni akamwambia Dada, "Usimkasirikie sana."

Dada akajibu, "Nikimkasirikia nani atanifunga viatu?"

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda ofisi za gazeti kueleza ukweli. Nimeoga, nimevaa shati la harusi. Msichana wa mapokezi kaniona tu, kawaita wenzake: "Jamani njooni, amekuja! Leo unamlilia nani, baba?" Wamecheka. Mmoja kaniomba nilie kidogo, apige picha na simu. Siku nyingine yoyote ningelia, tena ningemuuliza jicho gani.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo Dada kasema, "Nipeleke mimi." Imetuchukua asubuhi nzima. Mwandishi aliyeandika habari ile kashuka, kijana mdogo, ana haya kidogo usoni. Dada kakunja mkono wa gauni kamwonyesha pale mshipa ulipounganishwa kwa upasuaji, ulivyovimba kama kamba chini ya ngozi, na makovu ya sindano.

Kijana kautazama, kanitazama mimi, kasema taratibu, "Haya mmepakwa na watu wa ukumbi wa tamthilia?"

Nilitaka kumzaba kofi. Dada kamshika mkono, kakiweka kiganja chake juu ya mshipa. Ule mshipa unatetemeka muda wote, kama simu iliyozimwa sauti. Kijana kauondoa mkono wake kama aliyegusa pasi.

"Samahani, mama," kasema. "Samahani sana."

"Samahani iandike," Dada kamwambia.

Jumapili, 27 Aprili

Imeandikwa. Mistari mitano, ukurasa wa kumi na tisa, chini ya hali ya hewa. Kijana kapiga simu, kasema mhariri anaona habari hiyo imeshakwisha.

Jumatano, 30 Aprili

Wamepakia mashine kwenye lori. Zilikuwa sita tu. Nilidhani ni nyingi zaidi, kwa jinsi zilivyokuwa zikibeba watu. Wamezifunika turubai zisilowe.

Jumatatu, 5 Mei

Uzinduzi wa wodi mpya kule hospitali kuu. Nimeona picha dirishani pa duka. Makoti ya njano mstari wa mbele, Kengele kafungua mdomo, wote wanapiga makofi. Siwalaumu, nani angekataa kazi msimu huu? Kofia hakuniita. Kanitumia ujumbe tu: "Uso wako umeungua, ndugu yangu. Kaa nyumbani." Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe kuna shughuli mjini na mimi simo, na ilikuwa hii.

Alhamisi, 8 Mei

Orodha imetoka. Mwalimu, kwa kuwa ni wa miaka mingi, kapata nafasi: Jumanne na Ijumaa alfajiri. Dada ni namba kumi na tatu kwenye kusubiri. Wakati anasubiri anapokelewa kama dharura, yaani akishindwa kupumua ndipo anawekwa.

Jumatano, 14 Mei

Dharura. Mabasi mawili, maji ya barabarani mpaka magotini. Kawekwa kwa saa mbili tu, si nne. Karudi na rangi ya majivu, kaniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 19 Mei

Nimepiga simu. Namba saba! Nimeruka mpaka nikagonga kichwa kwenye taa. "Dada, tumetoka kumi na tatu mpaka saba kwa siku kumi na moja! Mambo yanakwenda!"

Alikuwa anafunga kitambaa kichwani. Kakiacha nusu. "Wale sita wameenda wapi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu. Badala yake nikakishika kitambaa, nikamfunga mwenyewe.

Alhamisi, 22 Mei

Dharura. Mashineni kwa saa moja na nusu tu.

Jumapili, 25 Mei

Namba tatu. Sikumwambia. Kaniuliza mwenyewe, nikamwambia. Mvua imepungua, inanyesha kama inayodaiwa.

Jumatano, 28 Mei

Simu imekuja asubuhi. Nafasi imepatikana. Jumanne na Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri.

Dada kakaa kitandani, kiatu kimoja mkononi, mguu haukiingii siku nyingi. "Hizo ni siku za Mwalimu," kasema.

Nikasema labda kuna wengine wenye siku hizo.

"Nenda kwao."

"Dada, watanifukuza. Wanazijua picha zile."

"Wakikufukuza utarudi. Waambie kiti kapewa nani. Wasije wakasikia kwa watu."

Nimekwenda. Turubai la msiba limefungwa uani, viti vingi, watu wachache. Matope yamewazuia, na wengi waliomfahamu nao hawawezi kutembea. Kwa jicho langu la kazi nilihesabu viti vitupu kabla sijajizuia. Binti yake kasimama mlangoni, mtu mzima, ana sauti ya baba yake. Kaniona, kanitambua.

"Umekuja na wangapi?"

"Peke yangu."

"Unataka nini hapa?"

Machozi yalikuwa karibu, nikayakataza. Ningelia vipi mbele yake, na mimi ndiye Machozi? Nikasimama mkavu kama gogo, nikamwambia pole, nikamwambia kwamba kiti cha baba yake kapewa dada yangu, na kwamba dada yangu kanituma niseme mwenyewe. Nikamwambia na ile habari ya baraza na paa, kwamba ni mimi niliyewakalisha kule.

Kageuka akatazama nyuma yake. Ndani mtu alikuwa akivuta kiti. Halafu kasema, "Mwambie asichelewe. Mabasi ya alfajiri hayana uhakika. Baba alichelewa mara mbili, na mara zote mbili walimkatia saa."

Ijumaa, 30 Mei

Tumewahi, saa kumi na nusu tupo getini. Mvua hakuna kabisa. Dada kawekwa kwenye mashine saa kumi na moja kamili, kaondolewa saa moja asubuhi badala ya saa tatu. Nimemuuliza muuguzi kwa nini wamempa nusu, na sisi hatukuchelewa. Kanijibu kwa upole, bila kuinua uso kwenye karatasi zake, "Si kosa lenu, kaka. Watu ni wengi."